Kabla ya Kujibu: Namna ya Kutofautisha Mdahalo, Mabishano na Majadiliano

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, iwe Sinza, Tandika au Mbagala, wapangaji watano au sita hutumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na kila umeme unapozimika kwa sababu uniti zimekwisha, suala lile lile huibuka upya: nani achange kiasi gani. Tuchukue nyumba moja ya namna hiyo. Mama wa chumba cha mbele ana friji na huuza barafu na juisi. Fundi cherehani wa chumba cha uani ana taa moja na chaja ya simu, kwa kuwa cherehani yake ni ya miguu. Kijana anayepakana naye hupiga pasi kila alfajiri kabla ya kuwahi daladala. Watu hawa wanaweza kulizungumza suala lao kwa njia tatu, na mwisho wake utategemea zaidi njia waliyoishika kuliko ukali wa maneno watakayotumia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua njia hizo tatu, yaani mdahalo, mabishano na majadiliano, namna ya kuiendesha kila moja ipasavyo, na namna ya kuhama pale mliyomo inapokuwa haifai.

Nani anatakiwa kubadili mawazo?

Watu wengi huzitofautisha kwa kusikiliza sauti. Wakisikia makelele husema wale wanabishana. Wakiona watu wametulia mezani husema wanajadiliana. Kipimo hicho hudanganya, kwa sababu mdahalo unaweza kujaa vicheko na makofi, majadiliano ya familia yakatoa watu machozi, na mabishano makali kuliko yote yakafanyika kwa sauti ya chini kati ya mume na mke wasiotaka watoto wasikie.

Kipimo kinachosaidia ni kujiuliza ni nani anayetakiwa kubadili mawazo ili mazungumzo yaonekane yamefanikiwa. Katika mdahalo ni wasikilizaji au majaji. Hakuna anayetarajia wasemaji wa upande wa pili wasimame na kukiri kwamba wamegeuka. Katika mabishano ni yule aliye mbele yako, na yeye kwa upande wake anakutazama kwa tarajio hilo hilo. Katika majadiliano ni yeyote aliyepo, ukiwemo wewe mwenyewe, na kama umekaa kwenye kikao ukiwa umeshaapa moyoni kwamba husogei hata hatua moja, basi haumo katika majadiliano hata kama barua ya mwaliko imeandikwa hivyo.

Migogoro mingi, kwa jinsi ninavyoiona, haitokani na watu kutofautiana maoni. Hutokana na mmoja kuingia akidhani anajadiliana wakati mwenzake ameingia kubishana, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye msemaji hodari, anafanya mdahalo mbele ya majirani waliosimama barazani.

Mdahalo: upande unapangiwa

Mdahalo ni shindano lenye kanuni. Kuna mada iliyotamkwa kama kauli moja, upande unaoiunga mkono, upande unaoipinga, mwenyekiti, mtunza muda, na wasikilizaji au majaji ambao mwishoni ndio watakaotamka mshindi. Aliyesoma sekondari nchini anaikumbuka ile salamu ndefu ya mwenyekiti, majaji, mtunza muda, walimu na wanafunzi wenzangu, ambayo wasemaji wengine huirefusha makusudi ili kupunguza dakika za kutoa hoja, na anazikumbuka mada zisizozeeka kama ile ya kulinganisha elimu na fedha, au maisha ya kijijini na ya mjini. Jambo linalosahaulika ni kwamba upande mara nyingi hauchaguliwi. Katika mashindano ya vyuo yanayofuata mtindo wa bunge la Uingereza, timu nne za watu wawili wawili hutangaziwa mada dakika 15 tu kabla ya kuanza, hupangiwa upande, na kila msemaji hupewa dakika 7, ambapo katika dakika ya kwanza na ya mwisho haruhusiwi mtu kumkatiza. Kwa hiyo anayetetea hoja asiyoiamini katika mdahalo si mnafiki, na ni kosa kumfuata nje ya ukumbi na kumsuta kwa maneno aliyoyasema akiwa jukwaani.

Ukipangiwa kuzungumza, anza kuandika hoja za upande wa pili kabla ya zako, kwa sababu ukishazipenda hoja zako hutaziona tena za mwenzako kwa usawa. Baki na hoja mbili au tatu zenye mifano. Msemaji mwenye hoja saba huacha tano zikiwa tupu, na wapinzani wake watachagua hizo hizo. Fasili maneno ya mada mapema, maana mdahalo kuhusu maisha bora utapotea ikiwa hamjakubaliana ubora unapimwa kwa kipato, afya au utulivu. Unapojibu, ishike hoja yao yenye nguvu kuliko zote na uache ile dhaifu, ingawa ile dhaifu ndiyo inayovutia makofi. Kisha watazame wasikilizaji, kwa kuwa hao ndio uliowajia.

Katika nyumba yetu ya LUKU, mdahalo haufai. Hakuna jaji asiye na maslahi. Kila aliyepo atatoa fedha mfukoni. Hata kama kijana wa pasi ni hodari wa kuzungumza na wote wakampigia makofi, mama aliyeshindwa ataendelea kuishi chumba cha mbele, na funguo za geti la nje huenda anazo yeye.

Mabishano: tofauti yenu ni ya nini hasa?

Mabishano yamepewa jina baya kuliko yanavyostahili, na kwanza ni haki kuyatenga na ubishi wa burudani. Nenda kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo au Magomeni, siku moja kabla ya mechi ya watani wa jadi. Shabiki wa Simba atakumbusha mabao 5-0 ya Mei 2012. Wa Yanga atajibu kwa 5-1 ya Novemba 2023. Mzee mmoja ataingiza kwamba Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, kwa hiyo mdogo amheshimu mkubwa wake. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali lililoanzisha ubishi, ambalo pengine lilikuwa kama kipa wa sasa anafaa au hafai, na hakuna aliyekusudia kulijibu. Kahawa inamiminwa, kashata zinatafunwa, watu wanacheka. Ubishi huo ni mzuri na hauhitaji mwongozo wa mtu yeyote. Tatizo huanza pale mtu anapoibeba tabia hiyo ya kijiweni na kuiingiza kwenye jambo ambalo mwenzake analichukulia kwa uzito.

Mabishano ya kweli ni pale unapotaka mtu fulani abadili mawazo, na sababu zenu zinapambana. Hatua ya kwanza, ambayo karibu kila mtu huiruka, ni kujua tofauti yenu ni ya aina gani. Huenda mnatofautiana kuhusu ukweli, yaani jambo linaloweza kupimwa au kuthibitishwa. Huenda mnatofautiana kuhusu kipi ni haki au kipi ni bora zaidi. Huenda mnakubaliana katika yote hayo ila maslahi yenu yanagongana. Na huenda suala zima ni nani mwenye kauli ya mwisho. Kila aina ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo sababu watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akileta takwimu na mwingine akizungumzia ubinadamu.

Tuwasikilize wapangaji wetu, umeme ukiwa umeshazimika.

“Mama, ukweli friji lako linatumaliza.”

“Mwanangu, na pasi yako ya kila alfajiri je? Na mwezi ule hukuchanga, kuna aliyekudai?”

Kijana ametoa dai la ukweli bila kipimo. Mama amejibu kwa dai lingine la ukweli, nalo halina kipimo, kisha akafukua kaburi. Katika sentensi tatu wameshatoka kwenye umeme na kuingia kwenye fadhila, na kuanzia hapo kila mmoja atajitetea yeye mwenyewe badala ya kutetea hoja yake. Wangeweza kuanza hivi:

“Shikamoo mama. Nilikuwa nataka kuuliza, usiku mmoja tukizima vyote tukaacha friji peke yake, tukasoma mita kabla ya kulala na tukaisoma tena alfajiri, si tutajua linakula uniti ngapi? Halafu na pasi yangu tuipime hivyo hivyo.”

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyookoa mazungumzo. Bila hiyo, ombi la kupima friji peke yake lingekuwa shambulio lililovalishwa heshima, na mama angelitambua papo hapo.

Kipimo chenyewe si kigumu. Uniti moja ya umeme ni matumizi ya wati 1,000 kwa muda wa saa 1. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja, lakini pasi hujizima na kujiwasha kadiri inavyopata joto, kwa hiyo dakika 15 za alfajiri hazifiki hata robo ya uniti. Taa ya wati 10 inayowaka kwa muda wa saa 5 kila usiku huchukua siku 20 kumaliza uniti moja. Friji halihesabiki kwa kusoma wati zilizoandikwa nyuma yake, kwa sababu mota yake hufanya kazi na kupumzika, na hupumzika kidogo zaidi likifunguliwa mara kwa mara au likijazwa maji ya kugandisha barafu. Ndiyo maana ni lazima mita isomwe. Baada ya kuisoma, sehemu ya mabishano iliyohusu ukweli imekwisha. Inabaki sehemu ya haki, yaani kama anayefanya biashara kwa umeme wa pamoja anapaswa kuchangia zaidi, na swali hilo mita haiwezi kulijibu.

Kwa sehemu hiyo isiyopimika, kuna tabia chache zinazofanya mabishano yazae kitu. Rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme “hivyo hivyo”, kisha ndipo uipinge. Hii inakuzuia kumlisha maneno, na mara nyingine utagundua kwamba ulichokuwa unapinga hakikusemwa. Akisema jambo la kweli, mwambie hapo amenena, bila kuongeza “lakini” papo hapo. Mwulize ni kitu gani kingemfanya aone tofauti, na ujiulize na wewe. Kama jibu la kweli ni kwamba hakuna kitu chochote, kwenu wote au kwa mmoja wenu, mabishano hayo yameshafika mwisho wake, hata kama bado mnazungumza.

Unapobishana na mtu aliyekuzidi umri, mambo hubadilika kidogo, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine haisaidii hapa. Kumwambia mzee kwamba amekosea mbele ya watu ni kumfungia mlango wa kubadili mawazo, kwa kuwa sasa analinda heshima yake. Wengi wetu tumelelewa kutumia swali: “Mzee, naomba unisaidie kuelewa, hii fedha ya tahadhari tunaiweka wapi?” Njia hii ni ya adabu na inafanya kazi, mradi liwe swali ambalo uko tayari kusikiliza jibu lake. Na kama jambo ni zito, subiri kikao kiishe umfuate pembeni. Wazee wengi husogea wakiwa peke yao kuliko wanavyosogea wakiwa mbele ya wajukuu.

Majadiliano: anza na swali

Majadiliano huanza na swali, wala si kauli. “Tugawane vipi gharama za umeme?” ni mwanzo wa majadiliano, “mwenye friji atozwe zaidi” ni mada ya mdahalo. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini kauli inapotangulia, kila mtu hutafuta upande wa kusimama kabla hajasikia lolote.

Waite wote watakaoguswa na uamuzi, kwa sababu asiyekuwepo hana deni la kuutekeleza. Wape taarifa mapema: risiti za umeme za miezi iliyopita, matokeo ya kusoma mita, bei. Kisha, na hili ndilo linaloharibu vikao vingi, waambie tangu mwanzo uamuzi utafikiwaje: kwa kukubaliana wote, kwa kura, au kwa mwenyekiti kusikiliza na kuamua mwenyewe. Njia zote tatu ni halali. Kisicho halali ni kuificha. Wajumbe wa kamati za harusi wanalijua vizuri jambo hili: unaitwa kikao cha kujadili ukumbi, unafika ukiwa umetoka kazini na foleni imekuchosha, mnazungumza saa nzima, halafu mhazini anateleza ulimi na kutaja kwamba malipo ya awali ya ukumbi yalishafanyika wiki iliyopita. Wajumbe hao wangekubali bila kinyongo kama wangeambiwa tu kwamba ukumbi umeshapatikana na kinachojadiliwa ni chakula.

Kikaoni, kila mtu azungumze mara moja kabla ya yeyote kuzungumza mara ya pili, na ni vyema wenye sauti ndogo watangulie. Mkubwa akitangulia, wengine wataongeza tu “naungana na mzungumzaji aliyetangulia”, na mtaondoka mkidhani mmekubaliana. Mwongoza kikao asiwe mtu mwenye maslahi makubwa kuliko wengine. Katika nyumba yetu fundi cherehani anafaa zaidi kuliko mama au kijana.

Julius Nyerere, katika maandiko yake ya miaka ya mwanzo ya 1960, aliitetea desturi ya wazee kukaa na kuzungumza mpaka wakubaliane kuwa ndiyo kiini cha demokrasia ya jamii za Kiafrika. Desturi hiyo ina thamani yake, ila ina gharama mbili: inahitaji muda ambao wapangaji wanaorudi saa 3 usiku hawana, na inampa nguvu anayeweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuchoka. Wekeni muda wa mwisho. Mkiufikia bila kukubaliana, pigeni kura, kwa kuwa wengi wape, lakini muwe mmeshawasikiliza wachache kwanza.

Kuwasikiliza huko si kwa ajili ya adabu tu. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi kuhusu nchi kubaki na chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu anaweza kuukubali au kuupinga uamuzi huo hadi leo, ila unaonyesha wazi tofauti ya kazi. Kama lingekuwa shindano la kuhesabu mikono, suala lingefungwa pale pale kwenye asilimia 80. Tume ilipewa kazi ya kupima maoni, na katika kupima, hoja ya wachache huweza kuonekana nzito.

Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine

Suala moja linaweza kupita katika njia zaidi ya moja, na Bunge ni mfano mzuri. Muswada ukishasomwa kwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, ambako wajumbe huuchambua na kusikiliza wadau. Hayo, yakienda vizuri, ni majadiliano. Ukirudi ukumbini kwa kusomwa mara ya pili, pande hujitokeza na mdahalo huanza, kisha huamuliwa kwa kura. Hata pale, mbunge hamjibu mwenzake moja kwa moja. Husema “Mheshimiwa Spika”, na maneno yake hupitia kitini kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Utaratibu huo hupoza jazba kuliko watu wanavyodhani, nanyi mnaweza kuuazima nyumbani: mkiona wawili wameanza kukatana kauli, waambie wote wazungumze kupitia kwa mwenyekiti.

Mabishano yakichemka na mnataka kuyageuza kuwa majadiliano, geuzeni wakati wa maneno yenu. Mabishano hupenda yaliyopita: nani alianza, nani hakuchanga. “Tuache kwanza ya mwezi uliopita, mwezi ujao tunataka iweje?” ni sentensi inayotosha mara nyingi, hasa ikitoka kwa mtu asiyetuhumiwa. Kama suala limeanza kwenye kundi la WhatsApp, lihamishieni kwenye simu au kikao mapema, kwa sababu maandishi mafupi hayabebi sauti, na “sawa” ya mtu aliyekubali haitofautiki na “sawa” ya mtu aliyekasirika.

Kinyume chake pia hutokea. Majadiliano yakizunguka bila kufika popote kwa sababu kila mtu anaogopa kumkwaza mwenzake, tengenezeni mdahalo mfupi ndani yake. Chagueni mapendekezo mawili, mpeni kila mtetezi dakika 3, na mbadilishe pande: mama atetee hoja kwamba mwenye friji aongeze mchango, na kijana atetee hoja kwamba wote wachange sawa. Mtacheka, na katika kucheka huko mama atataja mwenyewe sababu ambazo asingezikubali zikitoka mdomoni mwa kijana.

Kuna wakati mwenzako atakataa kuhama. Wewe unajadiliana, yeye anatafuta watazamaji. Usimfuate huko. Mwambie kwamba utaendelea naye mkiwa wawili, au kikao kitakapoitishwa, kisha uondoke kabla hujatamka lile neno la mwisho lililokuja ulimini, maana kwa kawaida ndilo litakalokumbukwa.

Na mkishafikia uamuzi, uandikeni usiku huo huo kabla watu hawajatawanyika, kwa maneno ambayo hata mpangaji mpya atayaelewa. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: kuanzia tarehe 1, kila chumba kitachangia kiasi sawa kwa ajili ya taa na simu, mwenye friji na mwenye pasi wataongeza kulingana na uniti zilizopimwa, na vipimo virudiwe kifaa kikibadilishwa, fundi ndiye atakayenunua umeme na kuwatumia wote ujumbe wenye tokeni, mwenye malalamiko ayalete kwenye kikao, ambacho ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa 10 jioni, uani.